Reli ya Kutoka Getini Hadi Chooni

Watu wengine wakinunua ploti Kitengela huanza na choo, halafu kibanda cha mabati cha mlinzi, halafu msingi wa nyumba ambao hukaa miaka ukiota majani. Odero alianza na reli. Choo kilikuwepo, hilo tusimsingizie, lakini kilikuwepo kwa sababu mkewe Selpha alikataa katakata kuhamia mahali pasipo na choo. Reli yenyewe ilitoka getini ikaishia mlangoni mwa choo hicho, maana ploti haikuwa na urefu mwingine wa kumtosha. Ilikuwa ya vyuma vya pembe vilivyopigiliwa juu ya vipande vya mbao, upana wa shibiri moja, na kila mgeni aliyefika pale alijikwaa. Mama mmoja wa kanisa aling'oka ukucha wa kidole cha mguu akikimbilia haja, na tangu siku hiyo akawa anamuuliza Selpha habari za "ile treni ya mzee wako" kwa sauti ya mtu anayemuulizia mgonjwa wa wodini.

Hiyo ilikuwa 1994. Odero alikuwa fundi wa mitambo katika karakana ya reli, Nairobi. Aliingia huko akiwa kijana wa kufundishwa kazi, wakati injini za mvuke zilikuwa zikiondolewa moja moja, na wazee waliomfundisha walimfundisha kuzipenda. Alipohitimu, kazi aliyopewa ni kuzikata. Alipewa mtungi wa gesi na miwani nyeusi, akaambiwa azikatekate vipande vya kubebeka, zikauzwe kwa chuma chakavu. Alifanya kazi hiyo kwa miaka na haikumtoka rohoni. Ndipo akaapa kwamba atatengeneza moja kwa mikono yake, ndogo, ile ya magurudumu sita ya kupanga mabehewa stesheni, aipunguze mpaka ifike urefu wa kitanda na bomba lake la moshi limfike kiunoni. Hakutaka kitu cha kuweka kabatini. Alitaka moto wa kweli, maji ya kweli na mvuke wa kweli, na nyuma yake kibehewa ambacho mtu mzima angekaa, akavutwa kutoka getini hadi chooni.

Kama mambo yangeishia hapo, hii ingekuwa hadithi ya mzee na wazimu wake, na wazimu wa namna hiyo haumdhuru mtu. Lakini Odero alikuwa mtoto wa kwanza kwao, Ugenya, na nyuma yake alikuwa ndugu yake Ajwang.

Kwao Wajaluo, wana wa baba mmoja hutoka katika boma la baba yao kwa zamu, mkubwa akitangulia. Mkubwa huenda alfajiri na jogoo, shoka na moto, anaweka boma lake mahali papya, ndipo anayemfuata anapata ruhusa ya kuondoka. Mdogo akimpita mkubwa, anaita chira, balaa inayoanzia kwa watoto na haijulikani itaishia kwa nani. Unaweza kucheka, na wako wasomi wengi wanaocheka wakiwa Nairobi. Hao hao wakifika kwao hawampiti mtu. Ajwang alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mlokole, mtu wa suti moja iliyopigwa pasi vizuri, na hakuwa mtu wa kumpita kaka yake. Alikuwa na mke na watoto watano katika nyumba ndogo ya ujana wake kando ya ua wa marehemu baba yao, akingoja.

Krismasi ya 1995 wazee walimkalisha Odero kitako. Baba mdogo wao, mzee Ochola, akamuuliza ana mpango gani. Odero angeweza kusema mwaka ujao kama watu wote wanavyosema. Lakini yeye alikuwa mtu wa kazi moja kwa wakati mmoja, na injini ilikuwa imemjaa kichwani.

"Wacha injini itembee," alisema. "Siku itatembea na stimu, hata kama ni mara moja tu, nitakuja nijenge. Nimesema mbele yenu."

Mzee Ochola akampa njia nyepesi. Kuna watu, alisema, huja wakasimamisha kibanda kidogo tu, wakalala humo usiku mmoja, wakarudi zao mjini, na mila ikatosheka. Hapo Odero akakasirika kabisa.

"Mimi nijenge banda ya kuku niiite dala, ati boma langu? Mimi si fundi wa kudanganya. Nikijenga, nitajenga."

Aliamini kwa dhati kwamba injini itachukua mwaka mmoja. Selpha, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, alingoja mpaka wakiwa ndani ya basi la kurudi ndipo akamuuliza, "Baba Beverlyne, kwa nini umemfunga ndugu yako kwa hiyo chuma?" Odero akatazama nje ya dirisha. 

Basi ukaanza msiba wa silinda. Injini ya namna hiyo ina silinda mbili, kushoto na kulia, ambamo mvuke unasukuma pistoni, na Odero hakuwa na tanuri la kuyeyushia chuma. Kazi hiyo alimpa Wainaina, fundi wa barabarani pale Kitengela aliyekuwa na tanuri, mashine ya kukereza na ulimi mtamu kushinda mashine. Wainaina alikuwa na kesho nyingi. Kesho asubuhi, kesho jioni, kesho stima ikirudi. Silinda ya kwanza ilitoka na matundu ndani kama mandazi. Ya pili ilikuwa imekaa upande. Tofauti ilikuwa ndogo, unene wa unywele tu, na Wainaina alimwapia kwamba hakuna mtu duniani angeiona. Odero aliiona. Alichukua nyundo akaipasua pale pale mbele ya kibanda, ili fundi asije akaipaka rangi na kumletea ile ile tena.

"Mzee, hii ni kitu ya watoto kuchezea," Wainaina akalalamika. "Unataka iende Mombasa?"

Baada ya hapo Wainaina akahama bila kuaga. Walisema amefuata mwanamke Kajiado, na amehama na mashine yake na lile umbo la mbao la kufinyangia silinda ambalo Odero alikuwa amelichonga kwa mkono kwa miezi. Odero alipanda gari hadi Kajiado akauliza kwa kila fundi mpaka akampata. Umbo lake lilikuwa chini, limezuia mlango usifungwe na upepo. Wainaina alimpokea kwa furaha ya kweli, akamwitia soda, akamwambia, "Mzee wangu! Nilikuwa nakuja kukuona kesho." Na kwa kuwa hapakuwa na fundi mwingine aliyekubali kazi hiyo, Odero aliinywa ile soda na kumwachia kazi upya.

Boila nayo ilikuwa na safari yake. Alihitaji bomba la chuma nene lisilo na mshono, na alilipata Kimuka, kwa mtu aliyechimba kisima akakosa maji. Alilisafirisha kwa pikapu ya mboga, likatoboa magunia mawili ya sukuma wiki, na mwenye mboga akataka kupigana. Mwisho wa miaka ya tisini karakana ikapunguza wafanyakazi, na Odero akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Sasa alikuwa na muda wote ambao siku zote alisema anaukosa, lakini zile mashine za karakana alizokuwa akiziiba kwa saa moja baada ya kazi hazikuwepo tena. Ikaja 2000 na ukame wake na mgao wake wa stima. Umeme ulirudi wakati mafundi wamelala, ukaondoka wakiamka. Nyumbani walikula mshahara wa ualimu wa Selpha, na Selpha hakulisema hilo hata siku moja, jambo ambalo Odero aliliona ni zito kuliko kama angelisema.

Na kila Agosti, shule zikifungwa, Ajwang alikuja. Alivua viatu mlangoni, akasalimia, akala, halafu akatoka uani kwenye kibanda ambamo injini ilikaa juu ya magogo. Aliizunguka polepole mikono nyuma. Kisha alimwita ndugu yake kwa Kijaluo, akauliza swali lake moja.

"Sasa bado nini, owadwa?"

Odero alimwambia. Mwaka mmoja ilikuwa silinda, mwaka mwingine pampu ya maji, mwaka mwingine fimbo za kuunganisha magurudumu, ambazo zilikuwa zikigusana mahali pasipostahili. Alimweleza kwa undani, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyemsikiliza mpaka mwisho. Ajwang alisikiliza kama mwanafunzi, akauliza maswali, akayakumbuka majibu mwaka uliofuata. Mwalimu wa darasa la tatu ambaye hakuwahi kushika spana akaijua injini ya mvuke kipande kwa kipande. Hakuwahi kusema "harakisha". Mara moja tu, mwaka 2002, walipokuwa wamekaa juu ya reli wakimenya mahindi ya kuchoma, alisema kwamba ukuta mmoja wa nyumba yake umeanguka na mvua, na ameuziba kwa matope, kwa kuwa haina maana kujenga vizuri nyumba ya kuhama. Akaongeza kwamba mwanawe Opiyo amepata mchumba. Kijana hujenga kibanda chake ndani ya boma la baba yake, na baba huyu hakuwa na boma.

"Kwa hivyo huyo msichana tumemwambia angoje," Ajwang alisema.

Odero alisikia aibu ikimpanda shingoni. Aliona watu wakiwa wamejipanga nyuma yake, ndugu yake, mtoto wa ndugu yake, msichana asiyemjua hata jina, wote wakingoja chuma. Na badala ya aibu hiyo kumpeleka Ugenya, ilimrudisha kibandani kwa hasira. Aliikaza kazi. Alifoka kwa kila mtu. Alimfokea mpaka mzee wa Kimaasai aliyekuwa akipitisha ng'ombe nje ya ua, ambaye hakuwa amefanya neno ila kuchungulia na kumsalimia kwa lugha yake, "Supa", na akabaki na aibu nyingine ya kumtafuta mzee huyo siku ya pili amwombe radhi.

Mwezi wa nne 2003 injini ikaisha. Nasema ikaisha na sitii chumvi. Odero aliijaza boila maji baridi akaisukuma kwa pampu mpaka mara mbili ya nguvu ambayo ingehitaji, ikakaa kimya bila kutoa jasho hata tone. Silinda za Wainaina, jozi ya tano au ya sita, zilikuwa laini ndani kama kioo. Kilichobaki ni maji ya siku yenyewe.

Hapa ni lazima nieleze maji ya Kitengela kwa yule ambaye hajayanywa. Yanatoka visimani, ni ya chumvi na ni magumu. Ukiyachemsha, sufuria inavaa ganda jeupe. Ukiyapikia chai, maziwa yanajikunja na mgeni anakunywa nusu kikombe kwa heshima. Sabuni haitoi povu mpaka mama wa nyumba atie magadi kidogo, ile ile ya maharagwe, ndipo yanalainika na nguo zikatakata. Odero alijua maji hayo yangeifanya nini boila yake. Aliliongelea jambo hilo mezani wiki nzima. "Hii maji ni ngumu," alisema. "Maji ngumu inaua boila. Reli walikuwa wanajua hiyo. Mimi nataka maji ya mvua." Mvua za mwezi huo zilipokuja alikinga pipa moja kutoka kwenye paa, akalifunika kwa bati, akalifunga kwa waya na kuandika juu yake kwa chokaa, USIGUSE. Akapanga siku: Jumamosi ya Agosti, shule zimefungwa, Ajwang awepo, na mzee Ochola awepo, kwa sababu neno lilitolewa mbele yake.

Walikuja wanne. Mzee Ochola alikuja na kofia na fimbo yake, na mzee mwenzake wa kumsindikiza. Ajwang alikuwa na suti ile ile, mabega yamepauka. Opiyo alikuwa mtu mzima sasa, mrefu kuliko baba yake, hakuzungumza sana. Viti vya plastiki viliazimwa kanisani. Majirani wakajaa kando ya ua, na yule mama wa ukucha akakaa mbele kabisa, miguu ameikunja chini ya kiti.

Odero hakulala vizuri, lakini mikono yake ilikuwa imetulia. Alijaza boila kutoka kwenye pipa, ndoo kwa ndoo, macho yake yakiwa kwenye kile kioo chembamba kinachoonyesha kimo cha maji. Akawasha makaa. Moshi ukapanda, mwembamba, kisha mzito. Ajwang alisogea akasimama karibu na geji akitazama mshale kama anayesimamia mtihani. Mshale ukaondoka kwenye sifuri. Ukatetemeka, ukapanda. Injini ikaanza kuguna ndani kwa ndani, na harufu ya mafuta ya moto na chuma ikaenea uani. Harufu hiyo Odero alikuwa hajaisikia tangu ujana wake. Alitaka kumwambia mtu kwamba hii ndiyo, hii ndiyo harufu yenyewe, lakini wote waliokuwa wakiijua walishakufa.

Akavuta kamba ya king'ora. Sauti ikatoka kali, ya kweli, mbwa wa mtaa mzima wakabweka na watoto wakapiga makofi. Mzee Ochola alicheka akafunika masikio.

Akakalia kibehewa nyuma ya injini, akashika wenzo wa mvuke, akaufungua taratibu.

Ikaenda. Magurudumu yote sita yalizunguka, fimbo zikapanda na kushuka, na kwa muda wa pumzi moja, mbili, Odero alisogea juu ya reli yake mwenyewe kwa nguvu ya mvuke alioutengeneza mwenyewe. Kisha akatazama kioo. Maji yalikuwa yakiruka ndani yake, meupe, yakichemka kama maziwa yanayotaka kumwagika. Kabla hajafunga wenzo, bomba la moshi, ambalo ndilo pia hutoa mvuke uliokwisha kutumika, likakohoa. Badala ya moshi likatema povu. Povu jeupe, la moto, lilirushwa juu likamwagikia viti vya mbele, likatua juu ya kofia ya mzee Ochola na mapaja ya yule mama wa kanisa, ambaye aliruka na kukimbia akipita juu ya reli bila kujikwaa kwa mara ya kwanza. Halafu ukasikika mlio mmoja mkavu kutoka upande wa kushoto. Injini ikasimama.

Odero aliujua mlio ule hata kabla ya kushuka. Maji yalikuwa yameingia penye mvuke, pistoni ikayagonga, na maji hayabonyei. Kifuniko cha silinda ya kushoto kilikuwa na ufa kutoka ukingo hadi ukingo, na maji yakidondoka humo polepole. Aliifungulia boila ipumue, akautoa moto chini yake, akafanya yote yanayopaswa kufanywa ili mtu asiumie, na watu wakadhani ametulia. Hakuwa ametulia. Alikuwa akitafuta ndani yake ni wapi alikosea na hakupata. Alikuwa amepima kila kitu. Alipachukia pale mahali, ile ploti, lile jua na zile nyuso zenye huruma kando ya ua.

Akapitisha kidole juu ya povu lililobaki kwenye bomba. Liliteleza. Akasugua kidole kwa kidole, likateleza tena. Akalionja.

"Nani," alisema, "nani ameweka magadi kwa maji yangu?"

Selpha alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai mkononi, leso ameifunga kiunoni. Hakutoroka.

"Ni mimi," alisema. "Tangi ya nyumba ilikauka tangu Jumanne. Hawa wazee wametoka Ugenya usiku kucha, Baba Beverlyne. Mara ya kwanza wanakuja kwangu. Ningewapea chai ya chumvi warudi nyumbani waseme nini? Nikachukua hiyo ya pipa. Na nikakurudishia, sikuacha pipa tupu. Nilijaza ya kisima."

"Na magadi?"

"Si wewe umesema kila siku hii maji ni ngumu, inaua boila yako?" Akasogea hatua moja uani. "Nikailainisha. Vile nafanyanga nikifua. Niliweka kidogo, nikakoroga, nikaacha itulie. Nilikulainishia."

Odero alifuta kile kidole kwenye suruali. Ndani mwake mlikuwa na kelele ya miaka minane, na hakuona mahali pa kuitupa. Angemwambia nini? Kwamba magadi hufanya maji yatoe povu kwenye boila kama yanavyotoa povu kwenye beseni? Alikuwa hajamwambia hivyo hata mara moja. Alikuwa amemwambia maji ni magumu, naye akayafanya laini. Alitaka kulia, na kilichomzuia ni kwamba nyuma yake yule mzee aliyemsindikiza Ochola, mtu wa watu, alikuwa akinywa chai yake na kumsifia Selpha kwa sauti.

"Hii chai iko sawa kabisa," alisema. "Kitengela tulikuwa tumeambiwa maji ni mbaya."

Ajwang alikuwa amechuchumaa kando ya silinda. Povu lilikuwa limekauka juu ya bega la suti yake likaacha doa jeupe. Alipitisha kidole kwenye ufa bila kuugusa.

"Kifuniko ya kushoto," alisema. "Hiyo ni kurudi kwa Wainaina."

"Ni kurudi kwa Wainaina."

"Na pistoni?"

"Fimbo yake imepinda. Lazima nitoe yote."

Ajwang akatikisa kichwa akihesabu kimoyomoyo, na Odero alijua anachohesabu, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kila kazi inachukua muda gani. "Mwaka moja," Ajwang alisema. "Pengine na nusu, akihama tena."

"Pengine."

"Basi ni sawa, owadwa. Tutangoja. Sisi tumezoea."

Hakuisema kwa kumkejeli. Hapo ndipo palipouma. Aliisema kama mtu anayemfariji mwingine aliyefiwa, na alikuwa tayari ameshaikubali. Odero alimtazama ndugu yake akaona kwamba nywele zake zimekwisha kuwa nyeupe. Hakujua zimekuwa hivyo Agosti ipi. Kule nyuma Opiyo aliweka kikombe chake chini, akainuka, akatembea hadi getini na kusimama pale akiwapa mgongo.

"Imetembea," Odero alisema.

Ajwang akainua uso.

"Nilisema itembee na stimu, hata kama ni mara moja. Imetembea. Mzee Ochola ameona."

Mzee Ochola, aliyekuwa akipangusa kofia, alimtazama mmoja kisha mwingine. Lakini Ajwang ndiye aliyepinga, na alipinga kwa ukali ambao hakuwahi kuutumia katika miaka yote ya kungoja.

"Odero, usiseme kwa sababu yetu. Mimi najua injini yako. Uliniambia kutembea ni kutoka geti mpaka choo na kurudi, na mtu amekaa nyuma. Hii imeruka tu ikavunjika. Wewe ulivunja silinda nzima kwa sababu ya unywele. Haijatembea."

Hakuna mtu aliyewahi kumpa Odero heshima kubwa kuliko hiyo, na alitamani mno aipokee. Angeweza kuinamisha kichwa, akubali, arudi kibandani kwake akiwa fundi asiyedanganya. Wote pale wangemruhusu. Neno lililokuwa mdomoni mwake lilikuwa kazi mbovu kuliko yoyote aliyowahi kumrudishia Wainaina, limepinda upande na lina matundu, naye alilijua kwa kila kipimo alichokuwa nacho.

"Imetembea," alisema tena, kwa sauti ya kufika getini. "Mzee, niulize vile inafaa."

Mzee Ochola akasimama, akaegemea fimbo yake, akamwita kwa jina la baba yake. "Odero wuod Otieno. Injini yako imetembea?"

"Imetembea."

"Utakuja mwezi gani?"

"Desemba. Mtafute jogoo."

Getini Opiyo alikuwa amegeuka. Selpha alikuwa ameweka birika chini, mkono mdomoni. Ajwang alibaki amechuchumaa pale pale, akashika gurudumu la mbele kama anayetafuta pa kujishikia, likamchoma, akaliachilia. Machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyapangusa.

"Na hii?" aliuliza mwishowe. "Hii itakuwa aje?"

Odero aliitazama injini yake, ufa wake, maji yakidondoka juu ya reli. Alikuwa na hasira bado. Alikuwa na hasira kuliko siku yoyote ya maisha yake.

"Hii nayo ingoje," alisema.